Paneli za kujengea nyumba: ya kununua kwanza na ya kuacha

Anayefaidika zaidi na paneli, yaani vipande vya ukuta vinavyotoka kiwandani tayari, ni mtu anayejenga huku bado analipa kodi ya nyumba. Kuta ambazo fundi wa mawe angezipandisha kwa wiki kadhaa husimama kwa siku chache, na mwezi uliookolewa ni kodi iliyobaki mfukoni. Faida nyingine utaiona jua la saa nane: ukuta wenye povu ndani haupitishi joto kirahisi, na mtu wa Voi au Mombasa anajua uzito wa jambo hilo. Ila kama ploti yako iko karibu na machimbo ya mawe ya Ndarugo, Kiambu, piga hesabu kwanza. Huko mawe hayasafiri mbali, na huenda yakashinda kwa bei.

Kwa nyumba ya kuishi, namba moja kwangu ni paneli ya polistireni, lile povu jeupe linalofungiwa televisheni kwenye boksi, ikiwa na wavu wa waya pande zote mbili. Shirika la Taifa la Nyumba, NHC, lilijenga kiwanda chake Mavoko, Kaunti ya Machakos, na viwanda binafsi pia vipo. Paneli hufungwa kwenye nondo zilizotokeza msingini, kisha hupigwa plasta ya saruji, takriban sentimita 3 kila upande. Nguvu ya ukuta iko kwenye plasta hiyo na waya wake. Kwa hiyo mtafute fundi aliyewahi kuifanya kazi hii kabla hujalipia hata paneli moja.

Ukifika kiwandani, shika waya uvute. Kiungo kikiachia kwa mkono, nenda kwingine. Waya uwe na zinki, hasa ukijenga Pwani, maana chumvi hula chuma upesi. Uliza pia kama bei ina wavu wa kona na wa kuunganishia paneli; ukikosekana, nyufa hutokea palepale kwenye maungio. Mabomba ya umeme hupitishwa nyuma ya waya kabla ya plasta, fundi akiyeyusha njia kwenye povu kwa hewa ya moto. Amua mapema makabati ya jikoni yatatundikwa wapi, ili mahali hapo paimarishwe kabla ya plasta. Petroli na thina zikae mbali, kwani huyeyusha povu. Mchwa nao hulitoboa wakitafuta njia, basi msingi upigwe dawa.

Bei mnayokubaliana iwe ya mzigo uliofikishwa saiti, usafiri ukiwa ndani yake. Paneli ni nyepesi lakini hujaza lori haraka.

Namba mbili ni paneli za zege. Ni imara na haziungui, lakini zinahitaji kreni na barabara ya kuipitisha. Kwa nyumba nyingi za ramani moja zinalipa. Kwa nyumba moja ya familia, mara nyingi kreni inakula faida yote.

Tatu, paneli za mabati zenye sufi ya mwamba katikati, yaani nyuzi laini zinazotengenezwa kwa mwamba ulioyeyushwa. Zinafaa ofisi na maduka, na sufi hiyo haishiki moto.

Za mwisho ni zilezile za mabati lakini zenye povu la poliyurethani. Zikishika moto hutoa moshi wa sumu kwa haraka, nami nasema wazi: usilaze watoto humo. Kwa chumba cha baridi cha samaki au maua ndizo bora kuliko zote, mradi muuzaji akuonyeshe cheti cha kupimwa kwa moto.