Nimefelishwa kozi ya mbio za pikipiki Tanga kwa kutii bendera ya njano

Msilipe. Nimelitanguliza neno hilo ili mwenye haraka alisome aende zake. Wenye nafasi subirini niwaeleze, maana wiki kadhaa zimepita na hasira yangu haijashuka hata kidogo.

Ni ile kozi ya motokrosi, yaani mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo yenye matuta, inayofanyika kwenye uwanja uliochongwa pembeni ya mashamba ya mkonge, nje ya mji, ukishaipita Pongwe. Jina lao silitaji. Walituambia wenyewe kwamba ukimaliza unasainiwa kadi, na bila kadi hiyo usiote kupata leseni ya kushindana, hata ile ya wanaoanza. Mimi ni dereva wa bodaboda, kijiwe changu kipo Ngamiani. Ada nimeidunduliza kwenye kile kilichobaki kila jioni baada ya kupeleka hesabu kwa mwenye chombo. Kwa hiyo msinishangae nikiwa mkali.

Asubuhi tulikalishwa chini ya mwembe tukafundishwa bendera. Nyekundu, wote mnasimamishwa. Ya bluu, yuko mwenye kasi nyuma yako, mpishe. Ya njano ikishikwa tu imetulia, kuna hatari, kaa macho. Ikipepea, hatari iko hapo hapo mbele yako: punguza mwendo kwelikweli, jiandae kusimama, usimpite mtu yeyote, na kwenye tuta usiruke, lipande na ulishuke magurudumu yakiwa chini. Aliyesema hayo ni mkufunzi mkuu kwa kinywa chake. Alituuliza mmoja mmoja mpaka akaridhika.

Mchana tukaingizwa uwanjani kupimwa. Kwenye tuta kubwa, lile ambalo ukiwa chini yake huoni kilicho upande wa pili, nikamwona binti wa bendera anaipepea ya njano kwa mikono miwili. Nikaachia mafuta, nikashika breki, nikalipanda polepole. Kufika juu, kijana mmoja wa Muheza yuko chini palepale panapotua pikipiki. Mguu umebanwa na chombo, injini inaunguruma, tairi la nyuma linazunguka na kumrushia udongo kifuani. Alikuwa anahangaika kukifikia kitufe cha kuzimia na mkono haufiki.

Hapo hapo wenzangu wawili wakaniruka. Narudia, waliniruka, wamepita hewani pembeni yangu bendera ikiwa inapepea. Mmoja alitua hatua moja kutoka kichwa cha yule kijana, labda mbili. Nililiona lile tairi likikita chini na vumbi jekundu likamfunika mwenzetu uso mzima. Nikasimamisha, nikamzimia injini, tukamwondolea pikipiki. Mungu mkubwa, alitoka na michubuko tu.

Narudi kwa mkufunzi nikijua ataanza na wale wawili. Akaanza na mimi, mbele ya watu wote.

"Wewe bodaboda, umeendesha kama umempakia mama mjamzito. Hapa si kijiweni."

Nikamwambia, "Mwalimu, samahani, bendera ya njano ilikuwa inapepea."

"Bendera, bendera. Nyie watu wa bodaboda hamfundishiki. Wenzako wamepita, wewe umeganda."

Wale wawili wakasainiwa kadi. Mimi nikaandikiwa "mwendo hautoshi".

Nimeshampakia mama mjamzito, tena si mmoja, usiku wa manane kutoka Mikanjuni hadi hospitali ya Bombo, na wamefika salama wao na watoto wao. Hilo silioni kuwa tusi. Kilichonichoma ni mtu kufundisha sheria asubuhi na kuikanyaga mchana, halafu aliyeishika ndiye anaonekana mjinga.

Anayefuatilia mbio za pikipiki, hata zile za lami, anajua anayeanguka huuawa na nini. Mwaka 2011 huko Sepang, Malaysia, Marco Simoncelli alianguka, na pikipiki za Colin Edwards na Valentino Rossi zikamgonga kwa sababu walikuwa karibu kabisa nyuma yake. Mwaka 2021 kule Mugello, Italia, yule kijana wa Uswisi Jason Dupasquier alianguka akagongwa vivyo hivyo, akafariki kesho yake. Umri wake miaka 19. Wale waliowagonga hawakuwa na namna, hakuna bendera ambayo ingewahi. Sisi bendera ilikuwepo! Binti wa watu anaipepea mpaka mabega yanamuuma, na watu wanaruka, na mkufunzi anawasainia.

Sasa niwe mkweli, maana kuna mtu sitaki nimdhulumu. Palikuwa na mkufunzi wa pili, dada mmoja aliyetoka Moshi, na kwake hela yangu haikupotea hata senti. Sisi wa bodaboda breki ya mbele tunaiogopa, tumekuzwa tukiambiwa itakupindua. Yule dada akamwaga mstari wa chokaa chini, akatufungisha breki ya nyuma peke yake kuanzia pale, akaweka jiwe kila aliposimama mtu. Kisha akatuambia tuongeze ya mbele, taratibu, kwa vidole viwili, tusiidake. Jiwe langu la pili lilikuwa karibu na chokaa kiasi kwamba nilishuka kwenda kuliangalia. Akatueleza: ukifunga breki uzito wote unakimbilia mbele, kwa hiyo tairi la mbele ndilo lenye nguvu ya kukusimamisha. Kwenye kona, kanyaga kile kigingi cha kuwekea mguu cha upande wa nje, mguu wa ndani unyooshe mbele, na macho yaende unakotaka kutokea. Miaka yote barabarani hakuna aliyewahi kuniambia. Siku hizi naendesha hivyo hata nikiwa na abiria barabara ya Pangani, na mara moja imeshaniokoa na daladala.

Basi lile neno la mwanzo nalipunguza makali. Lipeni, ila ulizeni kwanza nani anafundisha. Akiwa yule dada, kopeni mwende. Akiwa yule mkubwa, hapana, tena nikimkumbuka mwenzetu pale chini nasema hapana hata wakiwapa bure, maana kadi anazozisaini ndizo zitakazowaleta hao warukaji kwenye mashindano pamoja na wewe.

Nimewapigia simu kuhusu kadi yangu. Wakanijibu nirudie kozi kwa nusu ada. Sirudii na wala silipi. Wamwite yule binti wa bendera, wamuulize mbele yangu na mbele ya yule kijana wa Muheza kama alipepea au hakupepea. Kisha wasaini.