Seti ya ngoma za fundi wa Mikindani kwa shule ya sekondari: chukua ngoma, njuga ziache

Mwalimu wa ngoma wa sekondari hapa Mtwara akipewa fungu dogo la vifaa, kwa kawaida huchagua kati ya spika ya betri na seti ya ngoma za ngozi. Bei hazipishani sana. Sisi tunaofundisha kucheza ngoma tunasema chukua ngoma za ngozi. Seti tunayoipima hapa huchongwa na fundi wa Mikindani, mwendo wa kilomita kama 10 kutoka mjini. Ina msondo mmoja, yaani ngoma ndefu ya kusimama, ngoma ya kati moja, vinganga viwili, yaani ngoma ndogo za kupigwa kwa fito, na jozi sita za njuga.

Kinachotufanya tuipendelee ni kwamba rekodi haimsubiri mwanafunzi. Katika sindimba, ngoma ya Wamakonde, mpigaji anamtazama mchezaji na mchezaji anamsikiliza mpigaji. Watoto 50 wa kidato cha pili hawawezi kushika kiuno na miguu kwa mwendo ambao mtu mwingine aliuweka studio. Mpigaji hupunguza kasi, hurudia kipande kilekile hadi mstari wa nyuma ukae sawa, na akisikia vishindo vya miguu vimetawanyika anakata na kuanza upya. Kipindi ni dakika 40. Mwalimu anayerudi kila mara kwenye simu kutafuta sehemu ya wimbo hupoteza robo yake.

Mbao ndiyo sehemu nzuri kuliko zote katika kazi hii. Msondo ni gogo moja la mwembe, urefu unakaribia sentimita 95, na ukuta wake unanenepa kuelekea chini, kwa hiyo hauyumbi hata ukipigwa na kijana mwenye nguvu. Mdomo umesuguliwa ukawa mviringo. Hilo ni jambo dogo lenye uzito mkubwa, maana mdomo wenye ncha kali huikata ngozi kutoka ndani na ngoma hupasuka ukingoni bila mtu kujua kwa nini. Kabla ya kulipa, washa tochi ya simu umulike ndani ya gogo. Ukiona unga mwepesi na vitundu vidogo, hao ni fukusi, na ngoma hiyo haitakupeleka mbali. Gonga pia ukuta kwa kifundo cha kidole kuzunguka pande zote: mlio ukibadilika ghafla mahali pamoja, kuna ufa ambao haujatokeza nje. Gogo lililokaushwa juani kwa haraka ndilo hupasuka hivyo. La huyu fundi hukaushwa kivulini na linaonekana hivyo.

Vinganga vina mguu uliochongoka, wa kuchomekwa ardhini. Uwanjani ni raha tupu. Kwenye ukumbi wa sakafu ya saruji havisimami, na ukimpa mwanafunzi avibane kwa magoti, mikono yake haitakuwa huru. Dawa yake ni ndoo ya lita 20 yenye mchanga mkavu hadi theluthi mbili, kinganga kikachomekwa humo. Mchanga mbichi usitumie, unapandisha unyevu kwenye mti. Fito za kupigia ziwe nyembamba kama kidole kidogo na ncha zake zipigwe msasa. Fito mpya yenye ncha ya kisu hutoboa ngozi ya kinganga siku hiyohiyo.

Tukija kwenye ngozi, hapa maneno ni mengi. Ni ya mbuzi, imenyolewa vizuri, imewambwa kwa vigingi vya mti. Kwenye msondo vigingi vimepigwa kwa mshazari, kimoja juu kidogo, kinachofuata chini kidogo, ili visigawe mti kwenye mstari mmoja. Kwenye kinganga kimoja cha seti tuliyoikagua, vigingi vitatu vilipangana sawasawa na nyuzi za mti, na nywele ya ufa ilikuwa imeshaanza kati ya cha kwanza na cha pili. Kagua hilo dukani, na ukiliona omba kingine. Fundi hana ubishi, hubadilisha.

Uliza pia ngozi ilihifadhiwaje. Wachinjaji wengi huitia chumvi ili isioze kabla ya kuuzwa, na chumvi isipooshwa kikamilifu hubaki ndani ya ngozi ikivuta maji kutoka hewani. Ngoma ya namna hiyo hailii Mtwara. Utaianika, utaiotesha moto, na baada ya muda mfupi imelegea tena. Dalili yake ni weupe kama vumbi unaotokeza usoni ngozi ikikauka, na ubichi ukiigusa asubuhi. Ngozi zilizoanikwa bila chumvi ndizo za kudai, hata kama zinanuka zaidi wiki za kwanza.

Hata ngozi njema hulegea, kwa sababu hewa ya pwani ina maji. Kuanzia Novemba hadi Aprili, wakati wa kaskazi na mvua, ngoma iliyolala stoo huamka ikiwa na sauti ya boksi. Upepo wa kusi ukishika, mambo hupungua. Kwa hiyo ratiba ya mwalimu lazima iwe na moto ndani yake. Ikiwa mazoezi ni saa 9:30 alasiri, jiko la mkaa liwashwe saa 9:00 kasoro. Mkaa ni bora kuliko makuti: makuti yana mwali mrefu unaoruka, na mwalimu wa zamu hatapenda. Laza ngoma, uso uelekee jiko kwa umbali wa mkono mmoja, izungushe taratibu, na kila baada ya muda igonge katikati na ukingoni. Sauti itapanda. Ipitishe kidogo tu pale unapoitaka, kwa sababu ikipoa hushuka. Weka kiganja chako kati ya ngozi na moto: ukishindwa kuvumilia ukihesabu hadi kumi, umesogea mno. Ngozi iliyoungua haionyeshi mara moja. Hukauka kwenye vigingi, ikapoteza mnyumbuko, ikachanika wiki inayofuata wakati wa zoezi la kawaida, na lawama zikamwangukia mpigaji asiyehusika.

Kinganga hupoteza sauti kabla ya msondo, ngozi yake ikiwa nyembamba. Ndiyo maana seti ina viwili: kimoja kinapiga, kingine kiko motoni. Mpe kazi hiyo mwanafunzi mmoja makini, na ahesabiwe kuwa ni mpigaji kama wengine.

Njuga za seti hii hatuzipendi. Vikengele vyenyewe vina mlio mzuri, lakini vimefungwa kwa waya mwembamba ambao ncha zake hukwaruza kifundo cha mguu, na watoto wanaocheza pekupeku huumia. Ikiwa unalazimika kuzichukua, zifumue zote uzifunge upya kwenye vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, upana wa vidole vitatu, kwa uzi wa kushonea viatu. Funga juu kidogo ya kifundo, juu ya soksi, na mpira ubane bila kuzuia damu. Kwa pesa ileile unaweza kununua vikengele vitupu ukamaliza kazi hii na wanafunzi kwa alasiri moja.

Uhifadhi unaua ngoma nyingi za shule kuliko mikono ya wanafunzi. Stoo inayokaa mahindi ya chakula cha shule ina panya, na panya hutafuna ngozi, hasa iliyopakwa mafuta. Usipake mafuta ya kula. Weka ngoma juu ya matofali au itundike, isiguse sakafu wala ukuta, mchwa nao wapo. Funika kwa gunia au kanga kuukuu. Nailoni hufungia unyevu ndani, na ukiifunua utakuta ukungu.

Uzuri wa seti hii ni kwamba ikiharibika inatengenezeka hapahapa. Ngozi moja ya mbuzi mkubwa hutosha uso wa msondo, na masalio yakatoa vinganga. Iloweke usiku kucha, iwambe ikiwa laini, ukivuta pande zinazotazamana kwa zamu ili isipinde upande, kisha iache kivulini siku mbili tatu. Ukiianika juani, kingo hukauka kabla ya katikati na vigingi hung'oka. Msondo hauhitaji zaidi ya mikono ya watu wawili na nyundo ya mti.

Kuhusu oda: fundi huomba nusu ya malipo mbele, na hutimiza asipobanwa. Hubanwa msimu wa jando na unyago, shule zinapofungwa katikati ya mwaka, kwa sababu kila kijiji kinataka ngoma kwa wakati mmoja. Shule inayojiandaa kwa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari nchini, ambayo kwa kawaida huangukia Juni, ikienda kwake Mei itapewa magogo mabichi au itaambiwa isubiri. Peleka oda Januari au Februari. Ngoma zikifika, zichukue kwa bajaji, nyuso zikitazamana na gunia katikati, na uzipige kila siku kwa mkono wazi wiki ya kwanza kabla ya kumkabidhi mtu fito.