Nakala ya picha ya SS Uganda: uzoefu wangu baada ya kuinunua na kuitundika

Kwa muda mrefu nilitamani kuwa na picha nzuri ya meli ya SS Uganda sebuleni kwangu hapa Mombasa, na sasa ninayo ambayo nimeridhika nayo. Ni nakala ya mchoro wa rangi za mafuta, iliyochapwa kwenye karatasi ya pamba yenye upana wa sentimita 70 na kimo cha sentimita 50, na niliiagiza kutoka duka dogo la kusini mwa Uingereza ambalo haliuzi kitu kingine ila picha za meli. Bei yake ilikuwa pauni 95, ukiacha gharama za usafirishaji na ushuru. Hizo si fedha kidogo, na ndiyo maana nimeona niandike kwa kirefu, kwa sababu picha za meli zilizozagaa mtandaoni ni nyingi, sehemu kubwa yake haistahili hata nusu ya bei hiyo, na mnunuzi asiyeijua meli yenyewe hana njia ya kutenganisha pumba na mchele.

Uganda na pacha wake Kenya zilikuwa meli za abiria za kampuni ya British India, zilizojengwa na Barclay Curle mjini Glasgow mahsusi kwa safari za kati ya London na Afrika Mashariki. Kenya ilianza kazi mwaka 1951, na Uganda ikafuata Agosti 1952. Kila moja ilisajiliwa kwa tani zaidi ya 14,000, ilikuwa na urefu wa takriban mita 165, na ilichukua abiria wapatao 300 pamoja na shehena. Zilipitia Port Said, mfereji wa Suez na Aden, kisha zikateremka pwani yetu yote: Mombasa, Tanga, Unguja, Dar es Salaam, hadi Beira. Marehemu baba yangu alifanya kazi ya kupakua shehena Kilindini, bandari ya Mombasa, na majina ya meli hizi yalitajwa nyumbani kwetu kama yanavyotajwa majina ya jamaa. Kwa hiyo nilipoifungua picha hii sikutaka kuona meli nzuri tu. Nilitaka kuiona Uganda.

Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu Uganda ilibadilika sura mara kadhaa katika maisha yake. Ilipotoka Glasgow ilikuwa na ubavu mweusi wenye utepe mweupe. Katikati ya miaka ya 1950 ikapakwa rangi upya, ubavu ukawa mweupe na utepe ukawa mweusi, na hivyo ndivyo wazee wengi wa pwani wanavyoikumbuka. Mwaka 1967, abiria walipokuwa wamekwisha kuhamia kwenye ndege, iliondolewa katika safari zetu na kupelekwa Hamburg, ambako iligeuzwa kuwa meli ya kuwasafirisha na kuwasomesha wanafunzi. Majengo yake ya upande wa tezi, yaani nyuma, yakarefushwa ili kupata madarasa na mabweni, na tangu 1968 ikawa inabeba wanafunzi zaidi ya 900 kwa safari moja. Mwaka 1982, katika vita vya Uingereza na Argentina juu ya visiwa vya Falkland, ilifanywa meli ya hospitali, ikachorwa misalaba myekundu na kuwekewa kiwanja cha helikopta huko huko nyuma. Mchoraji anayeichora Uganda lazima achague ni Uganda ya mwaka gani, na akishachagua asichanganye.

Mchoraji wa nakala yangu ameichora ikiwa imetia nanga mbele ya Unguja, yenye ubavu mweupe, na tezi yake ni ile ya kabla ya Hamburg, yenye nafasi wazi na winchi za kuteremshia mizigo. Dohani, yaani bomba la moshi, ni nyeusi yenye mikanda miwili myeupe, alama ya British India, na ni ndefu kama inavyotakiwa, kwa maana dohani ya Uganda ilikuwa ndefu kuliko ya Kenya na hiyo ndiyo ilikuwa njia nyepesi ya kuzitambua meli hizi mbili kwa mbali. Bendera ya kampuni, nyeupe yenye msalaba mwekundu wa mshazari na ncha mbili mfano wa mkia wa mbayuwayu, imechorwa ndogo sana, lakini ipo mahali pake na haikukosewa.

Shemeji yangu alinunua picha ya kanvasi ya meli hiyo hiyo kwa muuzaji mwingine wa mtandaoni, kwa bei ya chini kabisa, na tuliziweka mbili hizi kando kwa kando. Ile ya kwake imeandikwa kwa chini kwamba ni Mombasa mwaka 1953. Ubavu ni mweusi, jambo ambalo kwa mwaka huo ni sahihi, lakini tezi ni ile iliyorefushwa Hamburg miaka kumi na minne baadaye. Meli ya namna hiyo haijapata kuelea katika bahari yoyote. Ni dhahiri kwamba aliyeitengeneza alichukua picha ya miaka ya 1970, akaibadilisha rangi kwa kompyuta na kuipachika juu ya mandhari ya minazi. Tulipomwandikia muuzaji kumweleza, alijibu kwamba hiyo ni sanaa na mchoraji ana uhuru wake. Sikubaliani naye hata kidogo, kwa sababu aliyeweka jina la meli na mwaka chini ya picha ametoa ushahidi, na mtoto wa shule atakayeitazama ukutani ataiamini.

Jambo jingine ninalolitazama, na ambalo watu wa bara pengine hawalitilii maanani, ni upepo. Katika nakala yangu ni majira ya kaskazi, upepo utokao kaskazini-mashariki. Mji wa Unguja unatazama magharibi, na mchoraji amesimama baharini akiutazama mji, kwa hiyo kaskazini iko mkono wake wa kushoto. Meli iliyotia nanga huelekeza omo, yaani sehemu yake ya mbele, kwenye upepo, na kweli omo ya Uganda imeelekea kushoto, nanga ikiwa imekaza mnyororo. Moshi mwembamba wa dohani unakwenda kulia na kumjia kidogo mtazamaji. Bendera zinafuata moshi. Jahazi moja linaingia kutoka kushoto likiwa na upepo nyuma yake, tanga limetuna, foromali, ule mti unaoshika tanga, imeinuliwa kwa mshazari na mlingoti umeinama mbele, kama milingoti ya majahazi yetu ilivyo, si kusimama wima kama mlingoti wa mashua ya Kizungu. Nililiangalia tanga lile kwa muda mrefu. Mtu aliyelichora ama alifika huku au alikaa na mtu aliyefika, kwa kuwa vitu hivi havibahatishwi. Katika ile kanvasi ya shemeji, moshi unakwenda upande mmoja, bendera upande wa pili, na ngalawa inakata maji mbele huku matanga yake yamelegea.

Nyuma ya meli unaonekana ukingo wa mji, na Beit al-Ajaib, jumba la kale la masultani, na mnara wake umesimama mzima. Mnara huo ulianguka Desemba 2020 pamoja na sehemu ya jengo, kwa hiyo mtu wa Unguja atakayeinunua picha hii anapata mambo mawili kwa pamoja.

Kuhusu uchapaji, hii si litografia, chapa ya kale ya jiwe au bamba, bali ni nakala iliyochapwa kwa mashine ya kunyunyizia wino, kwa wino wa pigmenti, kwenye karatasi isiyo na asidi yenye uzito wa gramu 310 kwa mita ya mraba. Wino wa pigmenti una chembe za rangi zisizoyeyuka, kwa hiyo huhimili mwanga muda mrefu zaidi kuliko wino wa kawaida wa kuyeyuka, ambao hupauka haraka ukipigwa na jua. Chukua kioo cha kukuzia na uangalie sehemu yenye rangi moja, kwa mfano anga. Katika nakala yangu hakuna mpangilio wa vitone. Rangi inatambaa kutoka samawati hadi karibu nyeupe pasipo kukatika. Katika mabango ya bei rahisi utaona vitone vya rangi nne vimejipanga duara duara, na hiyo ni chapa ya mashine ya ofseti, ile ile inayochapa kalenda. Sisemi ofseti ni mbaya, maana mabango ya kale ya kampuni za meli yalichapwa kwa mashine na yanauzwa leo kwa fedha nyingi. Nasema usikubali kulipa pauni 95 kwa ofseti.

Weupe wa ubavu ndio ulionipendeza kuliko vyote. Meli nyeupe ni ngumu kuchapa, kwa kuwa mchapaji mvivu huuacha ubavu uwe karatasi tupu, na meli ikaonekana imekatwa kwa mkasi. Hapa ubavu una manjano hafifu upande wa jua, una kijani cha maji kinachorudi juu karibu na mstari wa maji, na chini ya mashua za uokoaji kuna vivuli vya rangi ya majivu ambavyo unaweza kuvihesabu kimoja kimoja.

Nakala ilifika ikiwa imeviringishwa ndani ya bomba gumu la karatasi, imefungwa kwa karatasi laini na plastiki, haina mkunjo. Forodha walitoza ushuru na VAT juu ya bei pamoja na usafirishaji, kwa hiyo piga hesabu hiyo mapema.

Fremu ni habari nyingine, na kwa sisi tunaoishi karibu na chumvi ni habari kubwa. Fundi wa kwanza niliyemwendea alitaka kuibandika picha kwa gundi juu ya ubao na kuilaza kioo moja kwa moja juu yake. Nilikataa. Unyevu wa pwani ukiingia kati ya kioo na karatasi, karatasi hunata, kuvu huota, na madoa ya kahawia yakishatokea hayatoki. Fundi wa pili alikubali kuishika picha kwa vipande vya karatasi kwenye ncha za juu tu, ikaning'inia huru, akaweka paspatuu, yaani ukingo wa karatasi ngumu ndani ya fremu, nene na isiyo na asidi, ili kioo kisiiguse, na akaziba mgongo wa fremu vizuri. Niliongeza fedha kupata kioo kinachopunguza mionzi ya urujuanimno, na hata hivyo nimeitundika kwenye ukuta usiofikiwa na jua la mchana, vipande vya koki, ile ya vizibo vya chupa, vikiwa nyuma ya fremu ili hewa ipite.

Nina malalamiko mawili juu ya nakala yenyewe. La kwanza ni ukingo mweupe kuizunguka picha, ambao ni mwembamba mno, kiasi kwamba paspatuu ilikaribia kuifunika sahihi ya mchoraji na namba ya toleo iliyoandikwa kwa penseli. La pili ni zito zaidi. Abiria walioegemea reli ya sitaha, ambao kwa ukubwa wa picha hawazidi punje ya mchele, wamechorwa kofia, miavuli na mikunjo ya nguo. Mabaharia wa mashua na matishali ya kubebea shehena yaliyo ubavuni mwa meli, ambao wako karibu zaidi na mtazamaji, ni mabaka ya kahawia yasiyo na nyuso. Mchoraji aliyelijua jahazi kiasi kile angeweza kuwapa watu wake macho. Nimewaandikia wenye duka jambo hili kwa adabu, na wamejibu kwamba wamelifikisha kwake.

Anayetaka kununua nakala hii aombe kwanza apigiwe picha ya kona ya chini ili aone ukingo na namba, kisha aulize kwa maandishi aina ya wino na uzito wa karatasi. Duka langu lilijibu yote kwa siku hiyo hiyo. Mimi sasa naitafuta Kenya, yenye ubavu mweusi, ikiwa gatini Kilindini. Wenye duka wanasema hawana. Wauzaji wengine wawili wamenitumia mifano yao, na yote miwili ilikuwa na dohani ndefu ya Uganda, kwa hiyo nimeirudisha.