Kosta za Bagamoyo–Makumbusho: mgeni wa Dar, usikimbilie kushuka mwisho wa gari

Ninashona nguo Bagamoyo, kata ya Dunda, na karibu kila kitu kinachopita kwenye cherehani yangu kimetoka Kariakoo: zipu, lastiki, bitana, uzi wa oveloki, vitenge vya wateja wanaoona uvivu kwenda kuchagua wenyewe. Kwa hiyo hizi kosta, basi dogo za kutoka Bagamoyo hadi stendi ya Makumbusho jijini Dar, nazijua kuliko ninavyowajua baadhi ya mawifi zangu. Na kwa kuwa kibaraza changu kiko njiani, wageni hawaishi kuniuliza Dar wanaingiaje. Leo mwanafunzi mpya wa TaSUBa, chuo chetu cha sanaa, kesho mtalii na begi lake mgongoni, keshokutwa mtu kashika barua ya rufaa ya mama yake. Nimeona niandike, nipumzishe koo.

Hukumu yangu naitoa mapema: kwa anayeingia Dar mara ya kwanza, kosta inaishinda teksi. Habari ya kurudi jioni nitaisema huko mbele, maana hapo kuna mambo.

Mgeni akisema anakwenda Dar, kichwani ana Posta tu: maghorofa, bahari, basi. Jiji lenyewe limetanda. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoa wa Dar es Salaam, wametawanyika Ilala, Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni, na wapo kibao ambao Posta wanaenda kwa shida maalumu. Ukitoka kwetu unapita Kiromo, Zinga, Kerege na Mapinga bila hata kuhisi, ukiona Bunju umeshaingia mkoa wa Dar. Usinyanyuke. Wapo wanaosimama hapo na kushika mkoba, halafu wanashangaa mbona gari halifiki. Kutoka huku hadi katikati ya jiji ni kama kilomita 70, lakini kilomita za Dar hazina maana yoyote. Uliza saa. Vipande vya Tegeta, Mbezi Beach na Mwenge vinaweza kula muda kuliko safari yote iliyotangulia, hasa asubuhi watu wakienda kazini.

Teksi ingekufikisha ulikoandika kwenye simu, na kama uliandika vibaya ni juu yako. Ndani ya kosta kuna watu. Nilimwona kijana kapandia stendi yetu, begi la shangazi kaja kalipakata magotini.

“Konda, mnafika Mbezi?”

“Tunafika, kaa twende.”

Mama wa siti ya mbele akageuka. “Mwanangu, unakwenda Mbezi ipi?”

“Shikamoo mama. Kwenye mabasi ya mikoani, nakwenda Iringa.”

“Marahaba. Basi huku siko. Gari hili linapita Mbezi Beach. Wewe wa Mbezi Luis, stendi ya Magufuli. Shuka Tegeta Kibaoni, uliza gari za Mbezi zinazopitia Goba.”

Konda hakudanganya, Mbezi alikuwa anafika. Ila kati ya Mbezi hizo mbili kuna safari nzima, na mwenye tiketi ya basi la bara akikosea hapo amelikosa basi. Naongeza kwamba wazee wengine wa bara bado wanaelekeza watu wakapandie Ubungo. Mabasi ya mikoani yalihamia Mbezi Luis mwaka 2021, kwa hiyo mwambie babu asante, halafu nenda Mbezi. Na kama unakwenda Tanga, Moshi au Arusha, huna haja ya kuingia Dar kabisa: ipo lami ya kutoka kwetu hadi Msata, inayokutoa kwenye barabara kuu ya Chalinze–Segera. Ukipita Kiwangwa nunua nanasi, utanikumbuka.

Majina yanayofanana ndiyo yanayomaliza wageni. Bagamoyo tuna Magomeni na Kisutu, Dar nako kuna Magomeni na Kisutu. Kuna Mikocheni A na B, Bunju A na B, Posta ya Zamani na Posta Mpya. Sinza ndiyo usiseme, kila kona ina jina lake: Makaburini, Kumekucha, Kijiweni, Afrika Sana. Mtu akikwambia “nakaa Sinza”, hajakwambia kitu, mrudishie swali.

Jina ninalolisisitiza kuliko yote ni Muhimbili. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina pande mbili: Upanga, karibu na mjini, na Mloganzila, ambayo iko huko Kibamba, barabara ya Morogoro. Soma barua ya rufaa kabla hujatoka nyumbani, soma yote, hadi muhuri. Kama ni Upanga, au ni Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, au ni MOI ya mifupa, nenda hadi Makumbusho ndipo uunganishe. Kama ni Mloganzila, shuka Tegeta na upite Goba, Mbezi, halafu Kibamba. Kumzungusha mgonjwa mjini kisha kumrudisha Kibamba na foleni ile ni kumwonea.

Sasa gari lenyewe. Ni kosta za kawaida, zile zenye viti vya kukunja katikati. Kile kiti cha kukunja kikwepe ukiweza, maana kila anayeshuka nyuma yako lazima usimame, ukae, usimame tena, na mgongo wa kiti chenyewe ni kipande cha bati. Kaa upande wa dereva. Asubuhi ukienda Dar jua linapiga kushoto, na jioni ukirudi linapiga kushoto hukohuko, maana gari limegeuka na jua nalo limehama. Hili halimo kwenye maelezo yoyote ya watalii na ndilo lenye faida kuliko yote niliyoandika.

Asubuhi kuna ndoo za samaki. Bagamoyo ni mji wa samaki, hatuwezi kuomba radhi kwa hilo. Makonda wazuri huzipeleka nyuma kabisa na kuziwekea gunia chini. Wengine wanaziacha mlangoni, maji yanatiririka hadi kwenye ngazi, na wewe na suruali yako nyeupe ya usaili unakanyaga humohumo. Vaa viatu vinavyooshwa, vile vya heshima viweke kwenye mfuko.

Nauli inapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, usibishane wala usikubali kubishwa. Muulize jirani yako kwa sauti ya chini kabla konda hajakufikia. Mwambie konda unashuka wapi kabla ya kutoa hela. Ukimpa noti ya elfu kumi kimya kimya atakata ya mwisho wa gari, na chenji utaidai hadi Lugalo. Hapo Lugalo, kwa njia, ni eneo la jeshi: simu ya kupigia picha dirishani iteremshe.

Ukifika Makumbusho, wapigadebe watakuvaa. Wengine watakushika begi kabisa wakiuliza “Posta? Kariakoo? Wapi mrembo?” Usimjibu anayeshika begi. Tembea hadi kwa mtu aliyetulia na kazi yake, mama wa chapati au fundi viatu, msalimie kwanza, kisha uliza. Dar watu wana haraka lakini salamu bado inafungua mlango. Ukianza na “samahani, hivi gari za…” bila hata habari za asubuhi, utajibiwa kwa kidole.

Mimi ninayekwenda Kariakoo nasogea kituo cha Morocco nikachukue basi la mwendokasi la Gerezani. Mwendokasi ilianza 2016 na ina barabara yake yenyewe, foleni unaitazama kupitia kioo. Tawi la Morocco linakupeleka Gerezani, ambako Kariakoo unaiingia kwa miguu, au upande wa Kivukoni. Anayefuata boti za Zanzibar ashuke Posta ya Zamani. Anayefuata pantoni ya Kigamboni au samaki wa Feri aende mwisho, Kivukoni. Lakini masika mvua ikinyesha kweli kweli, Mto Msimbazi hufurika pale Jangwani, na njia hii inapita hapohapo. Siku kama hiyo usiende Morocco kubahatisha. Chukua daladala ya Posta inayopita barabara ya Ali Hassan Mwinyi, ufike umechelewa lakini ufike.

Kariakoo nitakaa kidogo, maana ndiko wengi wanakotaka kwenda na ndiko wanakorudi wakilia. Nenda asubuhi. Maduka ya jumla huwa na nafasi ya kukusikiliza asubuhi. Mchana muuzaji anahudumia watu sita, wewe wa saba unayeuliza bei ya kitenge kimoja hakuoni. Sema tangu mwanzo kama unataka jumla au rejareja. Mtaa wa Kongo ni wa nguo na machinga, wanapanga hadi katikati ya njia, na hapo bei ya kwanza ni ya kukupima tu. Mimi huwa sijibu bei. Nalishika pindo, nalinyoosha, nageuza kitambaa upande wa ndani kuona kama rangi imepenya. Kitenge kizuri upande wa nyuma unafanana na wa mbele. Kama nyuma ni kweupe, hicho kikifuliwa mara ya kwanza beseni zima litavaa rangi. Muuzaji akikuona unageuza kitambaa, bei inashuka yenyewe, hujasema neno. Simu usinunue mkononi kwa mtu aliyesimama njiani, hata akikuwashia. Nenda dukani, uondoke na risiti ya mashine.

Hela usizibebe zote mahali pamoja. Lipa kwa simu pale inapowezekana, na ukitaka kuangalia simu ingia ndani ya duka, usisimame kando ya barabara umeinamia ramani. Vibaka wa bodaboda wanaopora simu dirishani nao wapo, ndani ya gari simu usiitoe nje ya kioo.

Sasa kurudi. Kati ya nyota tano, moja niliyowakata nimeikata hapa.

Kuanzia jioni, Makumbusho inageuka uwanja wa mieleka. Gari la Bagamoyo likiingia, watu hawangoji lisimame. Kuna anayerusha kitambaa dirishani kuwekea siti, kuna anayeingiza mtoto kwa dirisha ili mtoto ndiye awe kitambaa. Mimi na marobota yangu sina ubavu huo. Ninachofanya, na mama watu wazima wengi wa Bagamoyo wanafanya, ni kugeuza na gari: nalipandia Mwenge linapokuja kushusha, nalipa kile kipande kidogo cha ziada, naingia nalo Makumbusho nikiwa nimeshakaa. Wapo makonda wanaolalamika. Lipa na ukae.

Kero ya pili ni kukatisha ruti. Jioni moja gari tulilopanda, jina lake nalihifadhi, lilifika Bunju konda akatangaza wote tushuke, wanageuza kurudi mjini kuchukua abiria wengine. Nauli tulishalipa ya Bagamoyo. Vijana wakaanza kushuka wakinung'unika. Mama mmoja wa Kerege, mnene, ana beseni la maembe mapajani, hakusogea. “Mimi nimelipa Kerege. Hapa Kerege?” Konda akambembeleza, “Mama yangu, gari zipo nyingi hapo nyuma.” “Kama zipo, nipe hela yangu nikazipande.” Akakaa vilevile mlangoni, hakuna wa kupanda wala wa kushuka, hadi dereva mwenyewe akageuka: “Mrudishie mama hela, tuondoke.” Tuliobaki ndani tukapata zetu kwa jina lake. Waliokwisha shuka hawakupata kitu. Kwa hiyo likikukuta, usishuke kwanza. Dai ukiwa umekaa, na namba ya gari uiandike uwape LATRA.

Kwa mgeni kabisa, nashauri uondoke mjini kabla ofisi hazijafunga. Ukichelewa, lala Dar kwa ndugu, uje asubuhi, gari za kuja huku asubuhi zina nafasi kwa sababu wengi wanaelekea kinyume. Hata mtalii anayekaa mjini akitaka kuja kuona magofu ya Kaole, Mji Mkongwe na Misheni, hiyo ndiyo saa yake: siti atachagua na kwetu atafika jua halijakaa sawa.

Mzigo mkubwa elewana bei na konda kabla haujapanda juu, siyo ukishafika. Funga kwa kamba, andika jina kwa kalamu ya wino mzito, maana viroba vya Kariakoo vyote ni ndugu. Na ukisikia “shusha mzigo” popote njiani, chungulia dirishani, hata kama jirani yako anakusimulia habari tamu.

Jumla nawapa nyota nne kati ya tano, kwa njia na kwa abiria zaidi kuliko kwa magari. Mwenye ndege ya alfajiri asinitafute kwa habari za kosta. Uwanja wa Julius Nyerere uko upande mwingine kabisa wa jiji, alale hukohuko.