Youlean Loudness Meter ya bure, uzoefu wangu baada ya miezi sita ya kumiksi geto

Niseme mapema, hii plagini (programu ndogo inayoingia ndani ya programu ya kurekodia) haibadilishi sauti yako hata kidogo, inapima tu ukubwa wake, na toleo la bure linanitosha kabisa. Naiweka mwisho kabisa kwenye masta, yani chaneli ambayo sauti zote zinapitia, ndani ya REAPER, programu ninayorekodia na kumiksi, naucheza wimbo toka mwanzo mpaka mwisho, inanipa namba mbili ninazozitaka, LUFS ya wimbo mzima (ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia, namba ikikaribia 0 ndivyo sauti ilivyo kubwa) na tru piki (kilele cha juu kabisa ambacho sauti inafika). Usicheze korasi peke yake ukadhani umeshapima, maana ile namba inahesabu na vesi zilizotulia.

Kabla ya hapo nilikuwa nasukuma limita tu (kifaa kinachobana vilele ili sauti nzima ipande) mpaka wimbo ulingane na za redioni. Siku ya kwanza kupima, wimbo wangu ninaoupenda kuliko zote ukasoma -8 LUFS na tru piki +0.7, aisee iliniuma. Spotify kwa mpangilio wake wa kawaida inacheza nyimbo kwenye -14, yani wangu unashushwa desibeli 6, halafu ile kiki (ngoma nzito ya chini) niliyoiponda kwenye limita inabaki imepondeka vilevile, na nilikuwa nimeihangaikia siku mbili nzima.

Ila ukifuatilia, tatizo lilianzia kwenye mdundo. Wengi tunaorekodi nyumbani tunapewa mdundo faili moja, umeshafanyiwa mastaringi (hatua ya mwisho ya kuupandisha sauti), umegota 0 kabisa, yani mwisho wa kipimo, sasa unaingiza vokali haisikiki, unaipandisha, adilibu (vile vineno vya kunogesha pembeni) nazo unazipandisha, masta inawaka nyekundu, unakimbilia limita. Siku hizi kabla sijagusa chochote nashusha mdundo desibeli 8 mpaka 10, nikiona kimya naongeza sauti ya hedifoni, feda (kile kitelezi cha sauti cha kila chaneli) siigusi. Hiki kitu peke yake kimeokoa miksi zangu kuliko plagini yoyote niliyowahi kununua.

Kurekodi nako nilikuwa nakosea, niliambiwa rekodi kwa nguvu ikaribie 0 ili kelele za mashine zisisikike, basi kwenye korasi mawimbi yanakatwa vichwa, na yakishakatwa hata ushushe feda vipi mkwaruzo upo palepale, inabidi uimbe upya. Ukirekodi kwa biti 24, mpangilio wa kurekodi unaobaki msafi hata sauti ikiingia ndogo, hiyo hofu haina maana. Mimi naimba kwanza sehemu yenye nguvu kuliko zote, naweka gein (nguvu ya maiki inapoingia) ili piki ziguse -12 hivi, basi. Kelele ninayoisikia ni ya feni, na feni inazimwa kwa swichi.

Sasa piki za miksi yangu kabla ya limita zinakaa kwenye -6, natoka na -11 LUFS. Sijilazimishi kufika -14, muziki wangu unataka msukumo kidogo, ila Spotify wanashauri tru piki isizidi -1, na wimbo ukiwa juu ya -14 LUFS uishushe mpaka -2, hilo nalifuata kwa sababu faili likipunguzwa ukubwa kwa ajili ya mtandao piki zinaruka zaidi.

Kama vokali imezama meter haitakwambia, hapo nasikiliza kwenye spika ya simu.

Wiki iliyopita niliumiksi upya ule wimbo wa -8 kwa rekodi zilezile. Nikaulinganisha na wa zamani, wa zamani nimeushusha desibeli 3 ili zisikike sawa. Kiki inapiga kifuani, na pumzi ninayovuta kabla ya vesi ya pili inasikika kabisa, kwenye ile ya kwanza haikuwepo.