Usinunue smati swichi kabla hujafungua boksi la ukutani

Aisee karibuni tena, leo tupo Ilazo hapa Dodoma sebuleni kwa rafiki yangu, na pembeni yupo fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, maana kufungua boksi la umeme sifanyi peke yangu na wewe usifanye. Video hii nimeitaka muda mrefu jamani. Watu mnanunua hizi smati swichi, za kioo za kugusa zinazowasha taa hata kwa simu, nzuri kweli kweli, halafu zinaishia kabatini kwa sababu fundi kafika, kafungua ukuta, kasema mama hapa hamna nyutro, yaani ule waya unaorudisha umeme. Inaniudhi sana, muuzaji alitakiwa kukuuliza hilo kabla hajapokea hela yako!

Mambo ya kuwasha taa kwa simu, kuiambia ijizime, mnayajua, siyarudii. Moja tu, zile za Waifai nyingi zinashika masafa ya GHz 2.4 peke yake, kwa hiyo rauta iwe nayo hiyo. Twende.

Ona hapa, mein swichi imezimwa, fundi ameitoa swichi ya sebuleni. Waya mbili tu. Mmoja laivu unaleta umeme, mwingine unapanda kwenye taa. Nyutro iko huko juu darini, haishuki huku, na nyumba zetu nyingi ndo ziko hivi, kwa sababu swichi ya kawaida kazi yake ni kukata laivu basi, na waya ni hela. Lakini smati swichi ina redio ndani, lazima iwe macho hata taa ikiwa imezimwa, sasa umeme wake itaupata wapi?

Haya sogea huku korido, kamera njoo karibu, hii ndo sehemu naitaka sana. Boksi hili lina waya tatu, mwekundu mmoja na weusi wawili. Wengi wanaishia hapa hapa wanasema si mweusi ndo nyutro? Hapana, rangi zinadanganya! Zamani nyekundu laivu nyeusi nyutro, siku hizi kahawia na bluu, na kuna fundi alipandisha taa kwa mweusi kwa sababu ndo uliokuwa umebaki siku hiyo. Tunapima. Fundi ametenganisha waya zote, amewasha mein swichi, mimi nimekaa mbali. Anaweka mita kati ya laivu na mweusi wa kwanza... volti 231. Mweusi wa pili... 214. Umeona? Yote miwili inasoma! Hapo ndo watu wanafunga kimakosa, kwa sababu ule waya wa taa nao unaifikia nyutro kwa kupitia kwenye balbu. Sasa dawa yake, naomba mtoe balbu, na kama swichi moja inawasha balbu tatu toa zote tatu. Pima tena. Wa kwanza, 231 vilevile. Wa pili umeshuka, unakaribia sifuri. Basi wa kwanza ndo nyutro, wa pili ndo wa taa, ubishi umeisha. Yaani hiki kitu ningekuwa na uwezo ningekibandika kwenye kila duka la umeme pale Majengo.

Na waya wa kijani na njano ni wa ethi. Akija mtu akakwambia tutumie huo badala ya nyutro, mwambie afunge mkoba wake aende. Huo upo kukulinda usirushwe, haupo kubeba umeme wa kila siku.

Sasa sebuleni kule hamna nyutro, tunafanyaje? Zipo zisizohitaji. Zenyewe zinapitisha umeme kidogo sana kwenye balbu hata ikiwa imezimwa, ndo maana ukifunga na balbu ya LED ya wati chache usiku unaiona inang'aa kwa mbali au inapepesa. Kuna kapasita kadogo, kifaa cha kupitisha huo umeme kidogo pembeni ya balbu, mara nyingi kanakuja kwenye pakiti ya swichi, kanafungwa juu kwenye taa, siyo kwenye swichi, na tatizo linaisha. Mimi nilikuwa sizipendi hizi kabisa, ila kwa nyumba iliyokwisha pigwa plasta na rangi, kuchimba ukuta kushusha waya mmoja... hapana, chukua hii.

Lakini ninayoipenda kuliko zote ni ya kujificha nyuma ya swichi ya zamani. Hii Sonoff MINIR4 inataka nyutro, ndo tunaiweka korido. Swichi yako ya kawaida inabaki, waya zake zinahamia kwenye matundu ya S1 na S2 ya hiki kifaa, na hapo S1 na S2 usipeleke laivu kabisa. Intaneti ikikata bibi anabonyeza ukutani kama siku zote, taa inawaka. Kama huna nyutro, Sonoff wanayo ZBMINIL2 inayotumia Zigbee, mawasiliano ya redio yasiyo Waifai, ila hiyo inataka habu, kifaa cha kati cha kuiunganisha na simu yako, kwa hiyo unapopiga hesabu ya bei weka na habu, usije ukashangaa. Ukiwa na taa moja tu haina maana, ukiwa na nyumba nzima inalipa.

Boksi liwe na kina pia, hizi fupi zilizojaa waya kitu hakiingii.

Halafu umeme ukikatika ukarudi saa nane usiku, hutaki taa zote ziwake. Kwenye programu kuna sehemu ya kuchagua ikirudi izime, iwake, au ikumbuke ilivyokuwa. Mimi naweka izime.

Dukani geuza swichi nyuma usome. Ukiona tundu la N, inataka nyutro. Ukiona L na L1 tu, haitaki. Ijumaa tunafanya za feni, usitumie hizi za taa kwenye feni kabla hujaiona hiyo video, na wale wa swichi za ngazini za kuwashia chini na juu nimewasikia, zinafuata baada ya hapo.