Sindano ya waya milimita 2.5 kwa soksi za kuanzia vidoleni: uzoefu wangu baada ya jozi tatu

Hii sindano ya waya, yani ncha mbili za chuma zilizounganishwa na waya unaokunjika, ninayo tangu mwezi wa tano, nimeshamaliza jozi tatu za soksi na ya nne iko mkononi, kwahiyo naona sasa naweza kuisemea. Kwa mara ya kwanza nimefuma soksi ambayo baba yangu anaivaa siku nzima shambani bila kuilalamikia, na nataka nieleze imefikaje hapo maana kuna vitu niliharibu kwanza.

Mi niko Njombe, na kufuma najua tangu darasa la nne. Mama alinifundisha na spoku za baiskeli, zile unakata kichwa afu unasugua ncha kwenye jiwe la kunolea mpaka isikwaruze uzi. Kwa soksi unahitaji spoku tano, nne zinashika vitanzi na ya tano ndo inafuma, na spoku za kawaida zina unene wa kama milimita 2 kwahiyo kitambaa kinatoka kimebana vizuri. Sizidharau hata kidogo, ninazo mpaka leo kwenye bati la biskuti la mama, na kwa soksi ya pleni tupu, ile isiyo na mchoro, bado zinafanya kazi yake vizuri.

Shida ilianza pale mdogo wangu wa kike alipoenda kuishi Graz, huko Austria. Mkoa wao unaitwa Styria, na kule milimani wanaume wana soksi ndefu za sufu za kufika gotini wanazovaa na kaptula za ngozi, afu soksi yenyewe imejaa michoro iliyoinuka kama kamba zinazopishana, almasi, misuko, vijiti vilivyosimama wima. Bonde la mto Enns ndo lina michoro mingi ya zamani ya namna hiyo, na kuna mama anaitwa Maria Erlbacher aliyeikusanya na kuichora ili isipotee, na kwa kweli namshukuru maana mafundi wengi tunaoiiga tunainywa kutoka kisima chake. Mdogo wangu alinitumia picha moja tu. Niliikuza kwenye simu mpaka nikaona kitanzi kimoja kimoja, na usiku ule sikulala mapema.

Siri ya ile michoro ni kitanzi cha kusokota. Ukifuma pleni ya kawaida unaingiza sindano mguu wa mbele wa kitanzi, hapa unaingiza mguu wa nyuma, basi, kitanzi kinajikunja shingoni, miguu yake inapishana, na kinasimama kama mshono wa kamba badala ya kulala chini. Pembeni yake unaweka pali, ile ya kufuma uzi ukiwa mbele, ambayo inazama na kumfanya mwenzake aonekane. Alafu ili mchoro utembee kushoto au kulia unakipisha kitanzi cha kusokota juu ya jirani yake, kimoja juu ya kimoja. Na ukifuma kwa kuzunguka upande wa nje unakutazama muda wote, hivyo husokoti hata kitanzi kimoja kutokea nyuma, na ndo maana kazi hii inakaa vizuri kwenye soksi kuliko kwenye kitu cha kwenda na kurudi.

Sasa ule mguu wa nyuma hauna nafasi. Kitanzi kimeshabana, we unatakiwa upenye nyuma yake, na kwenye soksi moja unafanya hivyo maelfu ya mara. Spoku zangu zilishindwa hapo, ncha zake ni za mviringo, nilikuwa nasukuma na kidole cha shahada mpaka kikauma, vitanzi vinavutika, mchoro unatoka na matundu.

Nikaagiza sindano ya waya ya kwanza mtandaoni kwa simu, duka silitaji. Ilikuja baada ya wiki nyingi na ilikuwa na kasoro moja ambayo kwa kazi hii haivumiliki: pale waya unapoungana na chuma kulikuwa na kiukingo kidogo, ukipitisha ukucha unakisikia, na kila kitanzi kilikuwa kinanasa hapo. Kwenye sweta ungevumilia. Kwenye soksi yenye vitanzi vilivyobana hivi unasimama kila sekunde kusukuma na kidole gumba, na uzi unachanika nyuzinyuzi. Nikaiweka pembeni.

Hii ninayoiandikia leo, mdogo wangu ndo alininunulia hukohuko, yuro 9 na senti, kama elfu 25 na zaidi kidogo za kwetu, ikaja na mtu aliyekuwa anarudi likizo. Ni ya chuma, milimita 2.5, urefu wa sentimita 80 kutoka ncha mpaka ncha, na ncha zake ni ndefu zimechongoka kama penseli iliyochongwa vizuri. Kiungo ukipitisha ukucha husikii kitu. Ukiitoa kwenye pakiti waya umejikunja kama chemchemi, usipate hofu, uchovye waya kwenye maji ya moto ya chai dakika moja hivi kisha unyooshe na uushike mpaka upoe, unatulia. Ule wa sentimita 80 ndo unaotakiwa kwa namna ninayofuma, vitanzi nusu viko sindano hii nusu ile, na katikati unavuta kitanzi kikubwa cha waya kinachochungulia pembeni. Spoku tano zimekuwa sindano moja, na kwenye basi hakuna spoku ya kudondoka chini ya kiti.

Uzi nao niuseme hapahapa kwasababu ulikuja pamoja. Uzi wa akriliki tunaoupata sokoni kwa masweta nilishajaribu kwa soksi, mguu unatoka jasho ndani ya buti na unyayo unalegea ndani ya wiki mbili. Huu wa soksi ni sufu asilimia 75 na nailoni asilimia 25, gramu 100 ina mita 420, unafuliwa kwenye nyuzi joto 40 bila kusinyaa. Nailoni ndo inayobeba kisigino. Bei yake ilikuwa kama ya sindano, na bonge moja linatoa jozi moja ya mtu mzima.

Nilianzia vidoleni. Wengi kwetu tunaanzia juu kwenye mdomo tunashuka mpaka vidoleni, na mwisho unashona ile ncha kwa sindano ya mkono. Huku unaanza na vitanzi 12 juu na 12 chini vilivyokumbatiana mgongo kwa mgongo, kwa ile namna ya Judy Becker aliyoiweka kwenye jarida la mtandaoni la Knitty mwaka 2006, uzi unazunguka sindano mbili zikiwa zimelala pamoja, na ukishamaliza hakuna mshono wowote, kwa ndani ni laini kama kwa nje. Mara ya kwanza ilinichukua jioni nzima, mara ya pili dakika tano. Ncha hii kali ilinisaidia sana hapo maana mzunguko wa kwanza ni mgumu kuingia. Baada ya hapo unaongeza vitanzi 4 kila mzunguko wa pili.

Na hapa ndo nilipokosea, na ndo sababu kubwa ya mimi kuandika. Baba ana mguu wa sentimita 24 kuzunguka pale penye unene, nikaenda na hesabu yangu ya siku zote, vitanzi 64, kwasababu kwa pleni napata vitanzi 32 kwa sentimita 10, yani sentimita 20 ambazo pleni inavutika mpaka kufika 24. Nikafuma, mchoro unatoka mzuri hadi nautazama kila mzunguko, nimefika kama sentimita 10 nikaenda sebuleni.

"Baba, naomba mguu kidogo nipime."

"Soksi gani hiyo ina mawaya?"

"Vuta tu taratibu baba, vitanzi havitoki."

Akaingiza vidole vikapita, kufika mgongo wa mguu ikagoma. Akanyamaza kidogo afu akasema, "Mwanangu, hii umemfumia mwenzangu." Nikaangalia, kweli ilikuwa imemkaba na mchoro umetanuka hadi pali zinaonekana kama ngazi. Vitanzi vya kusokota havivutiki kama pleni, miguu yake imeshapishana kwahiyo haina pa kwenda. Nikafumua. Nilifumua sentimita 10 tu! Ningekuwa nimeanzia juu, ningegundua baada ya shingo yote na kisigino, pengine soksi nzima. Na spoku tano zilizokaa mraba huwezi kumvalisha mtu, zinamchoma, wakati hii unavisambaza vitanzi kwenye ule waya mrefu soksi inafunguka mdomo wote, mtu anavaa mguu uko sakafuni.

Nikaanza upya nikaenda mpaka vitanzi 72, yani kutoka 24 unaongeza mara 12, mizunguko 24. Nusu 36 za juu mchoro, nusu 36 za chini pleni, maana unyayoni hutaki vijiti vya kukanyagia. Nilipima na tepu, upande wa pleni ulikuwa sentimita 11, upande wa mchoro, vitanzi idadi ileile kabisa, sentimita 9 na nusu. Hiyo tofauti iandikeni mahali. Baba alipima mara tatu nyingine jioni tofauti tofauti, ikawa kama desturi, nikitokea tu na kikapu anavua kandambili.

Kuna kitu kingine cha kuanzia vidoleni, mchoro unajengeka kuelekea juu, kwahiyo kama umechukua mchoro wa soksi ya kuanzia juu na una jani au mti, kwenye mguu utakaa kichwa chini. Almasi haina shida, juu na chini zinafanana, mi nilichagua almasi.

Ubaya wa sindano nao upo na sitauficha. Ncha ni kali kweli. Mimi nina tabia ya kurudisha ncha nyuma kwa kuisukuma na kidole cha shahada cha kushoto, siku ya tatu kilikuwa na kitundu, nikawa nabandika plasta kipande kidogo, na baadae nikajifunza kusukuma kwa ubavu wa kidole. Pili, inachana uzi. Uzi wa soksi una nyuzi nne zilizosokotwa pamoja, ukiwa na haraka ncha inapita katikati yake, inakamata tatu inaacha moja, na kwenye kitanzi cha kusokota huioni mpaka umepita. Nikawa nafuma karibu na dirisha mchana na usiku taa ya kichwani. Kwa uzi wa akriliki uliolegea msokoto hii sindano siipendekezi kabisa, itakuchosha.

Hiyo hiyo ncha kali ndo iliniokoa soksi ya pili. Niligundua nimesahau kupishanisha sehemu moja, mizunguko 9 chini, almasi imeachana mdomo. Sikufumua yote. Niliviangusha vitanzi viwili tu mpaka pale penye kosa, nikavipishanisha, kisha nikapandisha kimoja kimoja na ile sindano ndogo ya kulabu ya krosheti, kila ngazi naikunja kwanza kabla ya kuivuta ili itoke imesokotwa kama wenzake. Usipokikunja kitatoka wazi na jicho litakiona siku zote. Ilinichukua kama nusu saa, na ukinipa ile soksi leo sipaonyeshi palipokuwa na kosa.

Kisigino sitaki kukirefusha, ni mistari mifupi ya kwenda na kurudi kwenye vitanzi 36 vya chini, pleni yote, unaanza ikiwa imebaki kama sentimita 5 kufika mwisho wa kisigino. Baada ya hapo mchoro unaweza kuzunguka mguu mzima na hapo ndo soksi inapendeza.

Uzi niliugawa kwenye mzani wa jikoni kabla ya kuanza, gramu 50 na 50, hivyo kila soksi nilipanda juu hadi uzi ulipokaribia kuisha. Ukianzia juu lazima ukisie urefu wa shingo kabla hujajua unyayo utakula kiasi gani. Mimi nilipanda mpaka katikati ya shavu la mguu, juu kidogo ya pale buti linapoishia.

Kufunga mdomo tahadhari sana. Nilifunga kawaida kwanza, kisigino cha baba hakikupita. Nikafungua, nikatumia namna ya kufunga ya Jeny Staiman, nayo ilitoka Knitty mwaka 2009, kabla ya kila kitanzi unazungusha uzi mara moja kwenye sindano kisha unauvusha juu ya kile kitanzi, ndo unafunga. Unatanuka mpaka unashangaa na unarudi.

Baba amezivaa mwezi wa sita na wa saba wote, ile baridi ya kwetu ambayo asubuhi majani ya viazi yanakuwa meupe, ndani ya mabuti ya mpira, na nimezifua kwa mkono maji ya vuguvugu zaidi ya mara kumi. Unyayoni zimetoa vimanyoya kidogo. Mchoro umesimama vilevile, kisigino hakijaonyesha kitobo. Sindano nayo haijapinda wala haijapauka, waya haujalegea kwenye kiungo.

Kama unafuma pleni tu, kaa na spoku zako, hela hiyo nunulia uzi mzuri. Kama unataka vitanzi vya kusokota, tafuta yenye ncha kali na kiungo laini, pitisha ukucha kabla hujalipa kama uko dukani, chukua sentimita 80 na siyo 60. Mama naye ameshaomba zake, mguu wake ni sentimita 22 na hapendi kitu cha kubana, naanza na 68 naye nimemwambia ajiandae kuitwa sebuleni.